Mteja wa bustani akulipe vipi? Mwongozo kamili kwa wakata nyasi wa Dar

Wadau wa bustani, naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila siku na watu wanaangukia pale pale. Mtu ana mashine nzuri, ana vijana wawili, ana nyumba za kutosha kuanzia Mbezi Beach mpaka Goba, kazi anapiga safi kabisa, ila ikifika tarehe 5 ukimuuliza nani kalipa na nani bado anaanza kupekua meseji kwenye simu tatu. Hela nyingine imeingia laini yake, nyingine kwa mke wake, nyingine kijana alipewa kesh getini akanunulia petroli, na kuna mteja anaapa kabisa kwamba alituma ila hela yenyewe haionekani.

Wengi wakikwama hapo wanaongeza namba nyingine. Ukiongeza namba unaongeza sehemu ya hela kupotelea, basi.

Tunachotafuta hapa ni njia mbili, zikizidi sana tatu, zote zinaishia kwenye jina la biashara yako, na kila mteja anajua yake ni ipi kabla mashine haijawashwa. Nenda hatua kwa hatua na tafadhali hatua ya pili usiiruke.

## Andaa hivi kwanza

- Namba yako ya NIDA. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba hiyo, na lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, nayo inaanzia hapo hapo.
- Laini moja ya biashara iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Sio ya shemeji, sio ya kijana aliyeacha kazi mwaka jana.
- TIN ya TRA. Inatolewa bure, ukiona mtu anakudai hela ya TIN hiyo ni ya kwake mfukoni.
- Leseni ya biashara kutoka halmashauri yako, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji. Kama unataka wateja waone jina la biashara badala ya jina lako, lisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara.
- Akaunti ya benki.
- Kitabu cha risiti chenye nakala na kabonipepa, na kaunta buku moja. Steshenari yoyote wanavyo.
- Orodha ya wateja wako wote, hata wale wa mara moja moja.

Kama leseni bado unaifuatilia usikae kusubiri, anza hatua ya 1 na ya 2 leo maana hizo zinahitaji kalamu tu.

## Hatua ya 1: Gawa wateja kwa mtu anayeshika hela

Watu wanagawa wateja kwa ukubwa wa bustani au kwa mtaa. Kwenye malipo hiyo haisaidii. Jiulize kitu kimoja tu, ukimaliza kazi saa nane mchana, anayeshika hela yuko wapi?

Kuna mwenye nyumba ambaye yupo. Anatoka, anaangalia, anakulipa pale pale. Huyu hana shida.

Kuna mwenye nyumba ambaye mchana hayupo. Unafunguliwa na dada wa kazi au mlinzi, mama mwenyewe yuko Posta ofisini. Unamaliza, dada anakwambia "mama amesema atatuma jioni". Jioni mama yuko kwenye foleni, akifika nyumbani amechoka, kesho asubuhi ameshasahau, na wewe unaona aibu kumkumbusha. Ukiangalia vizuri madeni mengi ya wakata nyasi yako kwenye kundi hili, na wala sio watu wabaya, hela wanazo, hamna tu kitu kinachowakumbusha kwa wakati.

Kuna ofisi, shule, apartimenti, nyumba za ibada. Hapa anayekuita kazini sio anayelipa. Meneja anafurahia bustani, mhasibu anataka karatasi.

Halafu kuna mwenye nyumba aliye nje ya nchi au mkoani, ana nyumba Kigamboni au Mbweni au Madale, amemuachia ndugu aisimamie. Hapa kuwa makini sana. Kama hela inapitia kwa msimamizi, inaweza kutokea mwenye nyumba anaamini umelipwa tangu wiki iliyopita na wewe hujaona kitu, afu mnaanza kununiana bure. Omba kwa heshima kulipwa moja kwa moja na mwenye nyumba, na msimamizi abaki kazi yake ya kuthibitisha kwamba nyasi zimekatwa, kwa picha ama kwa simu.

Utajua umemaliza hatua hii pale ambapo kila jina kwenye orodha lina jina la pili pembeni, la mlipaji na namba yake. Mara nyingi ni watu wawili tofauti na wewe ulikuwa unamfuata yule asiyeshika hela.

## Hatua ya 2: Amua LINI kabla ya kuamua WAPI

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anahangaika achukue lipa namba ya mtandao gani wakati hajawahi kumwambia mteja hela inatakiwa iingie lini. Lipa namba haimlazimishi mtu kulipa. Muda mliokubaliana ndio unakupa haki ya kudai.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Fundi simu usipomlipa anabaki na simu yako, fundi nguo anabaki na suti. Wewe ukishakata nyasi umeshazikata, huwezi kuzirudisha, na kesho yake mwenye nyumba hana kitu chochote kinachomsukuma zaidi ya utu wake. Kwa hiyo nguvu yako yote ya kudai iko kabla ya kazi na wakati kazi inaendelea.

Kazi ya mara moja, hasa uwanja uliogeuka pori. Chukua kianzio, na kianzio usikitaje kwa mazoea ya nusu kwa nusu, kipigie hesabu. Tuseme mmekubaliana 120,000. Petroli na oili 18,000, uzi wa mashine 7,000, guta la kubeba majani 25,000. Hizo ni 50,000 zitakazotoka mfukoni kwako kabla hata hujaanza, kwa hiyo 50,000 ndio kianzio cha chini kabisa. Inabaki 70,000, ndani yake kuna posho ya vijana wawili 40,000 na 30,000 yako. Hiyo 70,000 inalipwa siku hiyo hiyo kabla vijana hawajaondoka, na umwambie mteja hivyo tangu mwanzo. Mteja akigoma kutoa hata kianzio cha petroli, hiyo kazi iache, maana anachokwambia ni kwamba umkopeshe.

Mteja wa kila mwezi. Mimi nashauri alipe mwezi unaokuja, sio uliopita, na tarehe ya kulipa iwe kati ya 25 na 5 kwa sababu ndio mishahara ya watu wengi inaingia. Ukimdai tarehe 15 unamdai mtu ambaye ameshalipa ada, Luku na maji, lazima atakupiga danadana hata kama anakupenda.

Na bei iwe ya mwezi, sio ya kila ukataji. Najua wengi mnabisha hapa ila nisikilizeni. Machi mpaka Mei mvua za masika zikichanganya ukoka unakua mpaka kero, mteja anakupigia mwenyewe. Ikifika Juni kuelekea Septemba ardhi inakauka, nyasi zinasimama, na mteja wa kulipa kwa ukataji anakwambia "mbona hazijaota bado", unapotea kwenye ratiba yake mpaka vuli ya Oktoba. Miezi hiyo mashine, vijana na kodi ya nyumba haviendi likizo. Bei ya mwezi iliyo sawa mwaka mzima inakubeba kiangazi, na mteja naye anapata kazi nyingine ile miezi mikavu, kumwagilia, kupogoa michongoma, kung'oa magugu, kuweka samadi. Ila ziandike hizo kazi, la sivyo Julai atahisi anakulipa bure na hapo ana haki.

Ofisi na shule. Hapa wewe ndio utasubiri, hilo likubali. Cha kufanya ni kuuliza maswali mawili kabla ya kutaja bei: malipo yanatoka baada ya siku ngapi tangu nilete ankara, na mhasibu anahitaji karatasi gani. Akikujibu siku 30 piga hesabu kama unaweza kulipa vijana na petroli mwezi mzima bila hela yao. Kama huwezi, chukua ofisi moja kwanza, tatu kwa mpigo zitakumaliza.

Onyo: lile neno "utanipa tu bosi" liache kabisa. Linasikika kama heshima ila mteja anasikia kwamba huna haraka.

Ukifaulu hatua hii utaweza kumwambia mteja masharti yako kwa pumzi moja bila kung'ata maneno. "Mama, ni elfu 60 kwa mwezi, nakuja mara mbili, malipo yanaingia mwisho tarehe 5."

## Hatua ya 3: Chukua lipa namba, iwe njia kuu

Kwanini lipa namba na sio laini yako ya kawaida? Kwanza hela inakaa pembeni, haichanganyiki na ya mchango wa harusi na ile uliyotumiwa na mdogo wako. Pili mteja akiingiza namba anaona jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri, anatulia. Tatu unaweza kupata orodha ya miamala yote, na siku ukienda kuomba mkopo benki hiyo orodha ina maana.

Nenda duka la mtandao wenyewe, Vodacom, Yas, Airtel au Halotel, au benki, CRDB na NMB wanatoa za kwao. Beba NIDA, TIN na leseni, masharti yanatofautiana kwa hiyo ulizia kwanza.

Uchague mtandao gani? Watu wanaumiza kichwa sana hapa wakati siku hizi lipa namba nyingi zinapokea kutoka mitandao yote, mfumo wa Benki Kuu wa TIPS unaunganisha mitandao na mabenki. Kwa hiyo usiangalie wateja wako wako mtandao gani, angalia wewe hela utaitoaje. Wakala gani yuko karibu na kwako mwenye kesh ya kutosha, na kuhamisha kwenda benki yako wanakata ngapi.

Kabla hujaitangaza ijaribu. Tafuta watu watatu wa mitandao tofauti wakulipe 1,000 kila mmoja, ukiwa umekaa nao. Angalia jina linalotokea, angalia mlipaji kakatwa ngapi, angalia wewe imekufikia ngapi na baada ya muda gani. Andika yote kwenye kaunta buku. Jaribio hili wengi hawalifanyi, afu wanakuja kugundua jina limekosewa herufi siku ambayo mteja ameshaogopa kulipa.

Ukiwa hapo hapo andika na njia ya menyu kwa kila mtandao, maana mteja anajua ya kwake tu. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Fuata menyu mpaka mwisho ukiwa na simu mkononi na uandike kila namba inayobonyezwa. Mzee wa miaka 70 pale Mikocheni ukimpa hatua zote kwenye karatasi atalipa mwenyewe bila kumsubiri mjukuu arudi chuo.

Sasa makato. Ile habari ya "tuma na ya kutolea" iishe. Mteja anaona unamuongezea bei mlangoni na mnabishana kwa ajili ya elfu moja na kitu. Gharama ya kutoa hela iweke ndani ya bei yako tangu mwanzo, kama ulivyoweka petroli. Na usitoe kila hela inapoingia, viwango vinaenda kwa ngazi, kwa hiyo kutoa 40,000 mara nne kwa kawaida kunakula zaidi ya kutoa 160,000 mara moja. Bango la makato liko ukutani kwa wakala, lisome, linganisha, chagua siku moja ya kutoa kwa wiki.

Onyo: usitumie lipa namba ya duka la jirani "kwa muda". Hela ikiingia kwake iko mikononi mwake na kwenye menyu linatokea jina lake. Na namba ya siri ya lipa namba kijana asiijue hata kama ni mdogo wako wa damu, akihitaji kujua kama mteja kalipa akupigie wewe.

Umefaulu kama mtu wa mtandao wowote anaweza kukulipa ukiwa umelala, na asubuhi ukaona jina lake, kiasi na namba ya muamala.

## Hatua ya 4: Akaunti ya benki kwa ofisi na walio mbali

Mhasibu wa shule hawezi kukulipa kwa kutuma kwenye simu akaeleweka kwa wakaguzi. Anataka ankara yenye jina, TIN, tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, na akaunti ya benki yenye jina lile lile. Lile lile kabisa! Ankara ikiandikwa jina la biashara na akaunti ikawa na jina lako la NIDA, karatasi inarudi, unasubiri mzunguko mwingine wa malipo.

Kuna mambo mawili yanawashtua watu hapa. La kwanza ni kodi ya zuio. Kampuni inaweza kukukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA, kwa hiyo ankara ya 300,000 inakuletea 285,000. Hujaibiwa. Dai cheti cha kodi hiyo na ukitunze, unakihitaji wakati wa hesabu zako za TRA. La pili ni risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya risiti ya TRA. Ofisi nyingi hazilipi bila hiyo, sasa uliza kabla ya kazi, sio siku unafuata hela, na nenda ofisi ya TRA ya eneo lako wakuelekeze kulingana na mauzo yako.

Kwa aliye nje ya nchi mpe akaunti au namba ya simu ya pesa pamoja na jina lako kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi, kwa sababu kampuni za kutuma hela zinalinganisha majina.

Na wale wenye wateja wageni wa Masaki na Oysterbay wanaopenda kusema bei kwa dola, kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kupanga bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Bei yako itaje kwa shilingi, andika kwa shilingi, pokea shilingi.

Mashine ya kadi na hundi kwa biashara ya ukubwa huu sioni haja. Kadi watu wa bustani hawaiulizii, na hundi inaweza kurudi benki wakati nyasi zimeshaota tena.

## Hatua ya 5: Kesh iwekee uzio

Kuna watu watasema kataa kesh kabisa. Sikubaliani nao. Kuna bibi wa Sinza ambaye amekuwa akikulipa kwa noti miaka yote na hajawahi kukuzungusha hata siku moja, huyo ukimlazimisha lipa namba unampoteza bure. Kesh ibaki ila iwe na masharti.

Anayepokea ni wewe au kijana mmoja uliyemteua, na yule yule ndiye anayebeba kitabu cha risiti. Weka kiwango, kwa mfano ikizidi 50,000 mteja atumie lipa namba, kwa sababu kijana kutembea na hela nyingi kwenye bodaboda usiku ni kumuweka hatarini. Risiti inaandikwa hapo hapo getini, mteja anapewa ya juu, nakala inabaki. Na beba chenji, elfu mbili mbili na mia tano za sarafu, maana "sina hela ndogo njoo kesho" ndio mwanzo wa deni.

Onyo kubwa: hela ya kesh isinunue petroli kabla haijaandikwa. Kijana akipokea 40,000 akanunua petroli ya 15,000 akakuletea 25,000, kwenye kumbukumbu yako ya kichwani mteja kalipa 25,000, na mwezi ujao unamdai 15,000 ambayo alishalipa. Mteja mzuri anaondoka hivyo.

Jioni jumla ya risiti zilizochanwa ikilingana na hela mezani, uko sawa.

## Hatua ya 6: Hakiki kabla hujafungasha mashine

Wanaolizwa wengi wanalizwa pale getini, wamechoka, jua kali, mtu anakuonyesha simu yake "nimeshatuma hii hapa", unatingisha kichwa unaondoka.

Alichokuonyesha ni picha kwenye skrini, hela yenyewe bado hujaiona. Meseji nayo inaweza kutengenezwa, ikaja na maneno yale yale ya mtandao. Angalia imetoka kwa nani, kama ni namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, hiyo feki. Ila hata ikionekana sawa usiishie kwenye meseji, ingia mwenyewe kwenye menyu au aplikesheni uangalie salio. Salio likiwa limepanda, umelipwa. Halijapanda, sema kwa upole "bosi bado haijasoma kwangu, ngoja kidogo tuisubiri", na endelea kufagia majani taratibu. Mtandao ukiwa unasumbua kweli, mwombe namba ya muamala, iandike kwenye kaunta buku mbele yake na mpeane muda wa kupigiana.

Kuna na ule mchezo mwingine, inakuja meseji umepokea hela, dakika mbili baadaye mtu anapiga analia amekosea namba umrudishie. Usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio kwanza, na hata kama hela imeingia kweli mwambie awapigie huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao wanao utaratibu wa kurudisha muamala uliokosewa.

## Hatua ya 7: Waambie wateja bila kuwatisha

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kila Mtanzania mwenye simu ameshawahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa wewe umepata lipa namba yako mpya, unaitumia laini mpya ambayo mteja hana, unaandika "habari, kuanzia leo malipo yatumwe namba hii". Atakufuta, na amefanya sahihi!

Kwa hiyo anza na sauti. Mpigie kwa namba yako ile ile anayoijua, au mwambie uso kwa uso ukienda kukata. Meseji inafuata baadaye, kutoka namba hiyo hiyo ya zamani, na ndani yake taja jina litakalotokea. Mfano:

"Shikamoo mama. Ni yule kijana wako wa bustani, kama tulivyoongea leo kwenye simu. Malipo ya bustani sasa ni kwa lipa namba (weka namba). Kabla hujaweka namba ya siri litatokea jina (weka jina la biashara), likitokea jina lingine usilipe, nipigie. Mwezi huu ni 60,000, mwisho tarehe 5. Asante sana mama."

Hiyo sentensi ya "likitokea jina lingine usilipe" ndio inayomtuliza mtu, kwa sababu anajua cha kuangalia kabla hajalipa.

Zile namba za zamani, ya kwako na ya mkeo, wape wateja mwezi mmoja wa kuhama. Akituma huko mwezi wa pili pokea, mshukuru, mkumbushe kwa simu. Usimrudishie hela eti atume upya, unamkatisha makato mara mbili.

## Hatua ya 8: Kaunta buku na jioni ya Jumapili

Wahenga wa madukani walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye bustani ni zaidi maana huna hata stoo ya kuhesabu.

Piga mistari: tarehe, nyumba, mlipaji, kazi, kiasi, njia, namba ya muamala au ya risiti, baki. Mstari mmoja unasomeka hivi: 28 Machi, Salasala geti jeusi, mlipaji baba mwenye nyumba, mwezi Aprili, 60,000, lipa namba, namba ya muamala, baki 0. Andika nyumba kwa alama unayoijua wewe na vijana, sio "mama Neema" tu maana mna mama Neema wanne.

Jumapili jioni kaa na vitu vitatu, kaunta buku, orodha ya miamala ya lipa namba na kitabu cha risiti. Weka alama kila kinacholingana. Kisicholingana kifuatilie Jumatatu asubuhi wakati watu bado wanakumbuka, ukikiacha mpaka mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka chochote.

Anayechelewa mkumbushe tarehe 3 kwa meseji fupi, kabla hata muda haujaisha. Tarehe 6 piga simu, mpigie mlipaji, sio dada wa kazi. Tarehe 10 bado kimya, zamu inayofuata usiende, na mwambie mapema kwamba hutakwenda: "Mama, mwezi huu haujaingia bado, zamu ya Alhamisi nimeisimamisha, ikiingia nakuja siku inayofuata." Nyasi za Aprili zitamkumbusha zenyewe. Akilipa, nenda siku hiyo uliyoahidi na ukate vizuri kama kawaida, na kwenye kaunta buku mrudishe kwenye mstari wa wanaolipa kwa wakati.